Imakulata Doto Mhoja: Miaka Ishirini na Miwili Kwenye Benchi la Nyuki Queens

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi Imakulata Doto Mhoja, kocha msaidizi wa timu ya soka ya wanawake ya Chuo cha Ualimu Mtakuja hapa Tabora, anatimiza miaka sitini na kustaafu. Amekitumikia chuo kwa miaka thelathini na mmoja, na kati ya hiyo, ishirini na miwili amekaa kwenye benchi la Nyuki Queens. Kwa hesabu ya haraka hayo ni mabenchi matatu yaliyovunjika, makocha wakuu watano, na mabinti zaidi ya mia tatu ambao leo wanafundisha shule za msingi kuanzia Kaliua hadi Kibaha. Mwandishi wa wasifu huu, Erasmus Katabaro, ndiye kocha mkuu wa tano katika orodha hiyo. Niliombwa niandike ukurasa mmoja. Mimi ni Mhaya, mtanisamehe.

Mama Imma, kama wachezaji wanavyomwita, alizaliwa Kwihara katika familia ya Kinyamwezi ya wakulima wa karanga, Wakatoliki wa kutokosa misa. Alizaliwa pacha, na jina la Doto linasema wazi kwamba alitoka wa pili. Ukimuuliza kwa nini hakuwahi kutaka ukocha mkuu, na alipewa nafasi hiyo mara tatu akaikataa mara tatu, atakujibu kwamba kazi ya usaidizi aliianza kabla hajazaliwa: alimsukuma Kulwa nje kwanza, akahakikisha kila kitu kiko salama, ndipo akatoka. Kulwa mwenyewe, ambaye atakuwepo kwenye sherehe yetu, ana toleo lake la habari hiyo, na tumemwomba asilitoe mbele ya mgeni rasmi.

Alifika chuoni mwaka 1994 kuwa matroni wa bweni la wasichana. Alisimamia usafi na chakula, akapatanisha waliogombana, akafundisha netiboli jioni. Soka ilikuja mwaka 2003. Wasichana walikuwa wamechoka kukaa pembeni wakiwashangilia wavulana waliofungwa kila Jumamosi, wakaenda ofisini kusema kwamba kama ni kufungwa, hata wao wanaweza. Timu ikaundwa, ikaalikwa Kigoma. Lakini mabinti kumi na sita hawawezi kusafiri bila mama, na fomu ya safari haikuwa na nafasi ya matroni. Karani akakuna kichwa, akaandika "Kocha Msaidizi." Ukocha wake ulianzia hapo, kwenye kalamu ya karani aliyetaka kwenda nyumbani mapema.

Alipanda treni akiwa hajui kuotea ni nini. Kocha mkuu wa wakati huo alimweleza mara mbili, akachoka. Basi Mama Imma akatoa karanga mfukoni, akazipanga kwenye kiti cha behewa, hizi mabeki, hizi washambuliaji, na akamwomba aeleze tena. Kila karanga iliyootea aliitia mdomoni. Treni ilipofika Urambo timu pinzani ilikuwa imebaki na wachezaji watano. Ilipofika Kaliua alikuwa ameelewa, na ilipofika Kigoma alikuwa anabishana na mwamuzi wa pembeni, na inasemekana mwamuzi ndiye aliyekuwa amekosea. Mpaka leo kuotea kunafundishwa kwa karanga chuoni kwetu, na wachezaji wa mwaka wa kwanza huotea makusudi.

Jezi za kwanza alizitafuta mwenyewe. Alikwenda mjini kwa Bi Dolatbai, mwenye duka la vitambaa, akataka kitambaa cha njano chenye mistari myeusi kwa ajili ya Nyuki. Bi Dolatbai alisema kipo kimoja tu, kizuri sana, ila ni cha mapazia. Kikakatwa, kikashonwa, timu ikapendeza kuliko timu zote za mkoa mpaka mvua iliponyesha. Kitambaa kile kilikunywa maji mpaka mabinti wakawa wanakimbia na pazia la sebule zima mabegani. Tulifungwa saba. Bi Dolatbai alikuwepo uwanjani siku hiyo na mwavuli wake, akasikitika kweli, na tangu hapo hajawahi kukosa mechi ya nyumbani. Ameahidi kuja sherehe na sambusa zake, hivyo waheshimiwa wenye hotuba ndefu wazingatie muda.

Nikisema kocha msaidizi anafanya nini, wengi hudhani anabeba koni. Mama Imma alichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni chokaa ilipokosekana. Alichanganya asali na maji na ndimu kwa ajili ya mapumziko, na timu za wageni zikawa zinakuja kuomba kidogo. Aliamuru kila mchezaji asuke twende kilioni kabla ya mechi, maana binti mwenye fundo la nywele juu ya kichwa akiupiga mpira kichwa, mpira huenda unakotaka wenyewe. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani na nani anasema ameshiba wakati hajala. Mara nyingi nilipanga kikosi ofisini kwa michoro na mishale, nikakiweka mezani, na yeye akakitazama kwa heshima zote, kisha akasema taratibu, "Kocha, huyu wa namba sita leo hajaamka vizuri." Nilimsikiliza mara zote isipokuwa moja. Mechi hiyo tusiitaje.

Mazoezi ya pumzi alikuwa nayo ya aina moja tu, kukimbia hadi Kwihara na kurudi, kwenye njia ileile ya misafara ya zamani. Yeye alitangulia na baiskeli. Binti akianza kulalamika, alishuka, akamngoja, akamwambia, "Babu zetu walipita hapa na pembe mabegani mpaka pwani. Wewe umebeba nini? Jina lako tu." Nilijaribu mara moja kukimbia nao ili kuonesha mfano. Nilirudi juu ya kibebeo cha baiskeli hiyo, na mabinti waliimba njia nzima.

Sasa niingie kwenye mwaka 2019, ambao ndio sababu hasa ya mimi kukubali kuandika wasifu huu kabla hajauandika mtu mwingine. Nilikuwa na mwaka mmoja tu chuoni. Mkuu wa Chuo wa wakati huo, Mwalimu Adriano, mzaliwa wa Tura na Mnyamwezi wa kisawasawa, alituita ofisini akatuambia bila kuzunguka kwamba chuo kinahitaji mradi wa kilimo, na ardhi tambarare iliyobaki hapa kwetu Itetemia ni uwanja wetu. Tukiingia fainali ya Kombe la Reli, mashindano yanayokutanisha vyuo vya ualimu vya reli ya kati, timu itaendelea. Tusipoingia, uwanja utapandwa alizeti na Nyuki Queens itafungwa. Mama Imma alitoka nje akasimama golini kwa muda mrefu, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaweza kuogopa.

Tulifika nusu fainali. Tulipangiwa kucheza Dodoma na chuo kimoja cha huko. Tuliteremka kwenye treni asubuhi, tukapokelewa kwa ngoma na vicheko na matroni wao, Mama Ndahani, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliyetangaza mbele ya stesheni nzima kwamba wapagazi wao wamefika na mizigo wanayo. Mabinti wetu wakacheka. Mama Imma akamjibu kwamba wapagazi wamekuja na chakula chao, maana wanajua Ugogoni watalala njaa. Nilishangaa watu wazima kutukanana kwa furaha kiasi hicho, nikajiambia ni ugeni wangu.

Saa mbili kabla ya mechi, begi la njumu likatoweka. Njumu zote, jozi kumi na nane. Shahidi mmoja alimwona Mama Ndahani akiondoka nalo kichwani, tena kwa madaha. Wasomaji wengi wa jarida hili wanalijua jambo ambalo mimi sikulijua: Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo na kulazimika kuomba maji ya watu. Mtani akichukua kitu chako hajaiba. Unakwenda kukikomboa, na ukinuna unazidishiwa. Mimi nililelewa Bukoba, na watani wa aina hiyo sikuwa nao. Nikakaa chini nikaandika malalamiko rasmi. Kurasa tatu. Nakala kwa kamati ya mashindano, nakala kwa chama cha soka cha mkoa, nakala kwa ofisi ya elimu, na nakala ya akiba. Nilitumia neno "hujuma" mara nne.

Kamati ilikutana papo hapo. Kanuni zilikuwa wazi kuliko nilivyotarajia: timu inayoharibu au kuiba vifaa vya wapinzani inaondolewa, na wapinzani wanasonga mbele. Mwenyekiti akasema kinachohitajika ni kiongozi wa pili wa Mtakuja athibitishe tu kwamba begi lilichukuliwa bila ruhusa. Wakamwita Mama Imma. Neno moja, ndiyo, na tulikuwa fainali. Uwanja ungebaki uwanja, na timu aliyoianzisha kwa mapazia ingeishi. Nilimkonyeza. Naandika hili kwa aibu, lakini nilimkonyeza.

Aliisoma barua yangu yote, kurasa zote tatu, kidole kikifuata mstari. Kisha akaniangalia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umemshitaki mtani?" Akaigeukia kamati, akasema begi limechukuliwa na mtani wake, na kwao hilo haliitwi wizi hata siku moja, na anaomba barua irudishwe kwa kuwa kocha wake ni mgeni na hana makosa ila haraka. Halafu akaomba radhi kwamba anawahi, kwa sababu kuna jambo limebaki nusu. Jambo lenyewe ni hili: wakati mimi naandika nakala ya akiba, yeye na mabinti watatu walikuwa wamekwishalibeba sufuria la wali wa timu ya Dodoma, na beki wetu wa kati alikuwa amekaa juu ya mfuniko.

Mabadilishano yalifanyika katikati ya uwanja mbele ya watazamaji wote, njumu kwa wali, akina mama wawili wakitambiana mpaka mwamuzi akalazimika kupuliza kipyenga ili waondoke. Sijawahi kuona mechi ikianza kwa furaha vile. Tulicheza vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa kocha. Tukafungwa tatu kwa mbili. Dakika ya themanini na tisa tulipata penati, na mshambuliaji wetu Jenifa Masanja, binti wa mwaka wa kwanza, aligonga mwamba.

Safari ya kurudi haikuwa na nyimbo. Jenifa alilia hadi Manyoni, akalala, akaamka akaendelea. Mimi nilikuwa na hasira, na treni iliposimama Tura nilimfuata Mama Imma dirishani nikamuuliza kama hajutii. Alikuwa anafuta machozi na ncha ya khanga. Alinijibu kwamba anajuta sana, timu ilikuwa kama mtoto wake, lakini mabinti hawa wanakwenda kuwa walimu, na hawezi kuwafundisha kushinda kwa kumwita mtani mwizi. Jumatatu alizikunja jezi moja moja, akaziweka kwenye sanduku la bati, akalirudisha stoo na kusaini. Trekta la kulima uwanja liliagizwa kwa wiki iliyofuata.

Alhamisi, treni ya kwenda Kigoma ilisimama Tabora. Kama mjuavyo, hapa treni inapokatwa mabehewa abiria ana muda wa kunyoa, kula na kutembelea ndugu. Timu ya Dodoma ilikuwa ndani yake, ikienda fainali. Mama Ndahani alikuwa amewauliza mabinti wetu walikuwa wanalilia nini namna ile baada ya mechi, akaambiwa habari ya alizeti, na akakaa na habari hiyo siku zote hizo. Saa nne asubuhi tukasikia kilio getini. Wote walikuwa wamejifunga khanga vichwani, mstari mrefu, wanaomboleza kwa sauti ya juu msiba wa Nyuki Queens, na kila mmoja alikuwa anamsifu marehemu kwa mabao aliyofungwa. Wakafika golini wakajilaza kwenye mstari, wakasema trekta likija lianzie juu yao.

Wanane kati yao hawakujilaza. Walikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Adriano, wakamsalimia shikamoo kwa kupiga magoti, wakangoja aitikie marahaba na kusimama kuwapokea, kisha wakakibeba kiti chake. Ni kile kiti cha mninga kinachohitaji watu wanane hasa. Wakakipeleka uwanjani, na Mama Ndahani akakikalia.

Chuo kizima kilitoka nje. Wakufunzi waliacha madarasa, wapishi waliacha moto. Mwalimu Adriano alivuka uwanja polepole, na kila mtu alimtazama usoni, kwa sababu Mnyamwezi akimkasirikia mtani hadharani, habari hiyo inafika Tura kabla yake. Mimi nilijificha nyuma ya mpishi. Mkuu alisimama mbele ya kiti chake, mdomo ukatetemeka, akajizuia mara mbili, kisha akacheka mpaka akashika magoti. Akauliza wanataka nini ili wamrudishie kiti. Mama Ndahani akasema galoni moja ya asali ya Tabora, na la pili, mwakani wanataka kuja tena kuifunga Mtakuja. "Sasa tutamfunga nani, kama timu mmeizika?"

Neno linalotolewa kukomboa kitu kwa mtani halirudi nyuma. Mwalimu Adriano alilitoa palepale, mbele ya watu mia nne. Mwaka ule alizeti ilipandwa nyuma ya bweni la wavulana, na ilistawi vizuri tu. Mama Imma hakushangilia na wengine. Alikwenda stoo kudai sanduku lake, akagombana na mtunza stoo aliyetaka fomu, akarudi nalo kichwani.

Yaliyofuata yamo kwenye kabati la vikombe, na nitayapitia haraka. Mwaka 2022 tulitwaa Kombe la Reli, hapahapa Tabora, kwa kuwafunga Dodoma mbili bila. Mwaka 2024 tulilitwaa tena. Mabinti wawili wameitwa kwenye majaribio ya timu za ligi kuu. Saba wanafundisha soka katika shule zao, na watatu kati yao wameandika wakiomba tuwatumie karanga, wakidai za huko kwao haziotei vizuri. Katika sherehe zote hizo, picha zilipopigwa, waandishi walimsogeza Mama Imma pembeni kidogo ili kocha mkuu aonekane. Ninazo picha hizo zote. Ninatabasamu kama mtu aliyefanya kazi.

Kwa niaba ya wanachuo, wakufunzi na wachezaji wa jana na leo, tunakushukuru, Mama. Tunakushukuru kwa majivu na asali, na kwa kila binti uliyemuuliza kama amekula. Zaidi ya yote tunakushukuru kwa lile neno ambalo hukulisema mbele ya kamati. Chuo kimekuandalia cherehani, zawadi ambayo wachezaji walichagua wenyewe, na tunaamini hutashona jezi za mapazia. Tunakutakia uzee mtamu huko Kwihara, miguu isiyouma, wajukuu wenye mbio, na jioni nyingi za kubishana na Kulwa.

Limebaki jambo moja ambalo wengi wameniuliza kwenye korido wiki hizi zote, kwamba bila wewe timu itasimamaje. Jenifa Masanja, yule wa penati, amerudi kwetu akiwa mkufunzi wa michezo mwenye cheti cha ukocha, na kuanzia Desemba yeye ndiye kocha mkuu wa Nyuki Queens. Nafasi ya kocha msaidizi ilitangazwa mwezi Septemba. Waombaji tulikuwa wanne. Mkuu wa Chuo wa sasa, Mwalimu Advera, alinipigia simu kuuliza kama nimekosea kujaza fomu, nikamjibu kwamba miaka saba nimekaa karibu na kazi ile nikiitazama ikifanywa, na sasa naomba nipandishwe cheo. Wiki iliyopita nimepata barua. Nimekubaliwa, Mama, kwa majaribio ya miezi sita.